Ng'ombe wa Kuazima

Kibugu, Jumanne, Aprili 1996. Mvua imenyesha tangu asubuhi ikakatika alasiri, na sasa jua la jioni linapiga mabati yetu mpaka yanafuka mvuke.

Shajara yangu, leo usiniulize nimeshona nini. Sijashona kitu. Gauni la mteja liko mezani halina mikono, na mwenyewe akija kesho atanichambua mbele ya watu. Anichambue. Nimejaribu kukaa nimeshindwa, nina furaha ya kitoto, kwa hiyo naandika nimesimama, daftari juu ya cherehani.

Popi amezaa!

Ngoja nianze mwanzo, maana pamoja na hii furaha nina hasira, na hasira nikilala nayo huwa naamka nayo.

Popi ni mbwa wetu. Ana rangi ya udongo, sikio moja limesimama na lingine limelala. Jina, ambalo kwa Kiingereza ni mtoto wa mbwa, alipewa akiwa mdogo na likamganda, ndiyo maana mama mzima anaitwa jina la kitoto. Miaka miwili iliyopita niliporudi kutoka Laare, nilikokuwa nimeolewa, nilishuka hapa na begi moja na aibu ya kujaza mabegi matatu. Mama aliniuliza nimekuja kukaa siku ngapi. Majirani waliuliza bwana yuko wapi. Popi hakuuliza kitu. Alikuja akalala juu ya miguu yangu mpaka ikafa ganzi, na mimi sikumwondoa.

Tangu siku hiyo tunakwenda pamoja kuchuma chai kule juu karibu na msitu. Ndovu wakishuka, yeye ndiye anayejua kwanza. Mama hapendi nikisema hivi, lakini nasema: huyu mbwa ni mtu wangu.

Jana jioni alianza uchungu. Nilimtandikia gunia jikoni nikasubiri. Kulipokucha alikuwa bado anasukuma na hakuna kilichotoka, ila maji ya kijani yenye harufu mbaya. Alinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Nilijua mtoto amekwama, na nilijua asipopata msaada leo nitampoteza yeye na alichobeba.

"Mbwa hazalishwi, Muthoni," Mama akaniambia huku akikoroga uji. "Mbwa anazaa mwenyewe. Umewahi kusikia mbwa amepelekwa kwa daktari? Watu watakucheka."

Nikamwambia wacheke, meno ni yao.

Sasa, huku kwetu daktari wa mifugo haitwi kwa simu. Simu iko posta, na siku nyingi imekufa. Daktari anaendesha gari la chama cha maziwa. Jumanne na Ijumaa hupanda nalo asubuhi hadi mpaka wa msitu, na mchana hushuka kwa barabara ile ile. Ukimhitaji, unampeleka ng'ombe wako kwenye krashi iliyo kando ya barabara, ule ujia mwembamba wa magogo ambao ng'ombe akishaingia hawezi kugeuka wala kupiga teke. Daktari akiona mgongo wa ng'ombe juu ya magogo, anasimama. Asipouona, anapita. Ndivyo ilivyokuwa tangu nikiwa msichana wa shule, na sikumbuki mtu akilalamika. Nani angelalamika? Hakuna aliyewahi kupeleka pale kitu kisichokuwa ng'ombe.

Nikampakia Popi kwenye wilbaro, nikamfunika kwa gunia kwa sababu ya mvua, nikashuka naye. Mama akanifuata na mwavuli. Si kwa ajili ya mbwa, akasema, ni kwamba hataki mimi nipate homa. Haya.

Tukasimama ndani ya krashi, mimi na Popi, tumelowa chapachapa. Gari likatokea kwenye kona. Nikainua mikono yote miwili. Daktari akaniona, haki ya Mungu akaniona, macho yetu yalikutana kupitia kioo. Akanipungia mkono!

Alidhani namsalimia. Akapita, akaniachia tope kwenye sketi.

Sijawahi kulia barabarani tangu nitoke Laare, lakini leo nililia kidogo. Mama alitazama upande mwingine akajifanya anatikisa mwavuli.

Hapo akili yangu ikafanya kazi ambayo mpaka sasa sijui niionee fahari au haya. Gari lingerudi mchana. Daktari anasimama kwa ajili ya ng'ombe. Basi apewe ng'ombe.

Sisi hatuna. Lakini boma la Baba Njeru liko pale pale ng'ambo ya krashi, na Baba Njeru ana Mukami, ng'ombe mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso. Kila mtu Kibugu anajua habari za Mukami. Daktari huyu huyu alimpa mbegu za dume mara nyingi na hakushika mimba, na mwishoni akamwambia Baba Njeru asipoteze muda wake, ng'ombe ni tasa. Mchinjaji kutoka Embu mjini alikuwa amesema atamfuata Alhamisi.

Nilimkuta Baba Njeru akikata majani ya ndizi. Nikamweleza. Alinitazama, akaitazama wilbaro, akanitazama tena.

"Wee Muthoni, unataka ng'ombe yangu ndio daktari aone mbwa yako?"

"Ndiyo, Baba Njeru. Akisimama tu, mengine niachie mimi."

Akacheka mpaka panga likamtoka mkononi. "Chukua. Si inaenda Alhamisi? Wacha ifanye kazi ya mwisho." Lakini nilipomfungua Mukami niliona mzee akimpapasa shingo, na kicheko kikawa kimeisha. Akatufuata mpaka barabarani akisema anakuja tu kuangalia sinema.

Tukamwingiza Mukami kwenye krashi. Wilbaro nikaiweka nyuma ya nguzo. Popi alikuwa ameacha hata kusukuma. Nilimwekea mkono ubavuni nikawa nahesabu pumzi zake, na mvua ikazidi. Wanawake wawili waliokuwa wakipeleka chai kituoni walipoona ng'ombe, mbwa kwenye wilbaro na mama yangu wa kanisa ameshika mwavuli, wakatua vikapu vyao kando. Nani angepita?

Gari likarudi. Na likasimama! Shajara yangu, lilisimama taratibu, kama gari la bwana harusi.

Daktari akashuka, kijana mrefu mwenye koti jeupe na buti za mpira, ana haraka zake. Hakusalimia. Alikuwa tayari anavaa ile glavu ndefu ya plastiki inayofika begani.

"Daktari," nikaanza, "ng'ombe ni mzima, mgonjwa wangu ni..."

Mkono ulikuwa umeshaingia. Sikuwahi kuona mtu mwenye haraka namna hiyo. Mukami akatoa macho. Daktari naye akatulia, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya.

"Kwani mnataka nini?" akauliza. "Hii ng'ombe iko na mimba. Tena imeenda mbali."

Baba Njeru akasogea karibu na magogo.

"Lakini hiyo ng'ombe ni tasa," Baba Njeru akasema polepole.

"Nani alikwambia ni tasa?"

"Ni wewe, Daktari."

Ngai! Wale wanawake wa chai walipiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka Embu mjini. Baba Njeru alirusha kofia yake ikaangukia mgongo wa Mukami. Alimkumbatia ng'ombe, akamkumbatia daktari na glavu yake chafu, akanikumbatia mimi, akakimbia nyumbani akarudi na kabichi na mkungu wa ndizi akaviweka ndani ya gari. Na mimi, nitakuwa mwongo nikikataa, niliruka pamoja nao. Niliruka kabisa! Mukami ninamjua tangu akiwa ndama, na mimi ndiye niliyemtoa kwenye kisu cha Alhamisi bila kujua.

Halafu nikakumbuka kwa nini tuko pale.

Daktari alikuwa anavua glavu, anacheka na watu, mguu mmoja uko kwenye gari. Hakuna aliyekuwa anamtazama Popi. Nikamshika koti. Nikamwambia mgonjwa wangu yuko huku, amekuwa kwenye uchungu tangu jana, tafadhali. Nikavuta gunia.

Popi akainua kichwa akaguna.

Daktari akapanda juu ya magogo ya krashi.

Sitanii. Mtu mzima, daktari, alipanda gogo la pili akashika nguzo kwa mikono miwili, buti zinagusa ubavu wa Mukami. Mbwa ambaye hawezi hata kusimama amempandisha mtu mti.

"Mimi mbwa sishiki," akasema akiwa huko juu. "Mbwa nachanja tu siku ya chanjo, na akiwa ameshikwa na watu. Huyo mpe maziwa, atazaa."

Nikamwambia hataki maziwa, mtoto amekwama, mwingizie tu mkono kama ulivyomfanyia ng'ombe, mimi nitamshika kichwa. Akatikisa kichwa. Nikamwomba basi atubebe na gari mpaka mjini, labda huko kuna anayeshika mbwa. Akasema gari ni la chama, na kuna ng'ombe mwingine anayemsubiri kule chini.

Nilimwita jina. Silirudii hapa kwa sababu Mama husoma daftari hili akidhani sijui.

Lakini aliyenishangaza ni Mama mwenyewe. Alikuwa amesimama tangu tufike barabarani, mwavuli wake mkononi, uso wa ibada. Akasogea mpaka chini ya lile gogo akamwangalia daktari kama anavyowaangalia vijana wanaocheka wakati wa mahubiri.

"Mwanangu," akamwambia, "huyu ng'ombe alikuwa na shida gani?"

"Hakuna, mama."

"Na umemshika."

"Ndiyo, mama."

"Huyu ako na shida, na wewe umepanda mti."

Hakuna aliyecheka. Daktari alishuka upande wa pili, akazunguka mbali na wilbaro, akaingia garini. Aliwasha gari mara ya kwanza likakataa. Mara ya pili likakubali. Akaondoka na kabichi na ndizi.

Hiyo ndiyo huduma tuliyopata.

Nikashika mikono ya wilbaro, sikujua naenda wapi ila nyumbani. Barabara ya kwetu unaijua, ni mawe na mifereji, na mvua ilikuwa imeifanya mbaya zaidi. Kwa kawaida napita pembeni palipo laini. Leo nilikuwa na hasira, nikapita katikati, gurudumu likaruka kutoka jiwe hadi jiwe, na Popi akawa analia kila tunapogonga. Nilikuwa namwomba msamaha na sipunguzi mwendo. Mama alinifuata nyuma akisema, polepole, Muthoni, polepole, utamuua.

Pale kwenye ule mwinuko mbaya kabla ya lango letu, gurudumu liliingia shimoni na wilbaro ikaruka yote. Popi akapiga ukelele mmoja mkali.

"Simama," Mama akasema. "Simama! Kuna kitu."

Shajara yangu, Mama alitupa mwavuli. Alipiga magoti kwenye tope na sketi yake nzuri, akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cheupe cha kanisa ambacho hata mimi siruhusiwi kukipiga pasi, akashika kile kilichokuwa kinatoka akakivuta taratibu kila Popi anaposukuma, akimwambia kwa Kiembu maneno ambayo hajawahi kuniambia mimi. Au labda aliniambia nikiwa mdogo mno kukumbuka.

Wa kwanza alitoka mkubwa, mweusi, na amekufa. Ndiye aliyekuwa ameziba njia. Mama alimsugua kwa kile kitambaa, akampulizia puani, akamsugua tena, muda mrefu. Kisha akamfunika.

Hapo ndipo hasira yangu inapokaa. Mkono ule wenye glavu ungeingia asubuhi, labda angekuwa hai. Labda. Sitajua, na daktari pia hatajua, na nadhani yeye ameshasahau.

Lakini wa pili alitoka akipiga kelele! Palepale kwenye wilbaro, katikati ya barabara, mdogo kama ngumi, rangi ya mama yake. Nilipiga yowe Baba Njeru akaja mbio akidhani nimeumwa. Wa tatu tulimpokea langoni. Wa nne alizaliwa jikoni kwa heshima zote, juu ya gunia kavu, karibu na moto, na Mama ndiye aliyemkata kitovu kwa mkasi wangu wa kushonea. Ule mkasi sitautumia tena kwa gauni la mtu, mteja akitaka asubiri.

Watatu hai. Nimekwenda kuwaangalia mara nyingi hata moshi umenichoma macho. Wananyonya kwa pupa kama watu wa harusini. Popi amechoka lakini amekunywa uji bakuli zima, na nilipokaa karibu naye alisogeza kichwa akakiweka juu ya mguu wangu. Hapo nililia tena. Safari hii Mama hakutazama upande mwingine.

Yule mkubwa mweusi Mama amemzika mwenyewe, chini ya mche wa chai ulio nyuma ya jiko. Hakuniita. Niliona tu jembe lina udongo mpya. Kile kitambaa cheupe hakijarudi nyumbani, na sijamuuliza.

Baba Njeru amepita sasa hivi na fimbo yake, anachekacheka peke yake njiani. Amemtuma mtu kwa mchinjaji kumwambia asijisumbue. Amesema Mukami akizaa ndama wa kike, ataitwa Popi, na kwamba ng'ombe wake niazime wakati wowote. Mama akamjibu kwamba ng'ombe hatutamhitaji tena.

Nilidhani anamaanisha yamekwisha. Lakini Baba Njeru alipoondoka, alikaa kwenye kigoda karibu na Popi, akanyoosha miguu yake yenye tope, akaniuliza kama Ijumaa nina kazi nyingi.

Nikamwambia kuna hilo gauni.

"Shona kesho," akasema. "Ijumaa tutashuka mapema."

Kwa hiyo Ijumaa tutashuka. Tutawaweka hao wadogo ndani ya kikapu cha chai, na Popi akiwa na nguvu atatembea mwenyewe. Tutasimama ndani ya krashi, mimi na mama yangu, bila ng'ombe. Sina haja ya kumgombeza yule kijana, wala sitaki dawa yake. Nataka aikaribie ile kona atuone tumesimama pale bila mgongo wa ng'ombe juu ya magogo. Nitainua mikono kama nilivyoinua leo.

Je, atasimama, au atanipungia mkono?